Tusiishie Kwenye Salamu



Desturi yetu ya kusalimiana ni desturi njema, na wageni waijao nchi yetu huistaajabia. Watu wawili wakikutana njiani hawapitani kama ng'ombe. Mmoja huuliza habari za nyumbani, mwenzake hujibu, "Nzuri." Huulizwa habari za watoto, hujibu, "Nzuri." Habari za shamba? "Nzuri." Na baada ya hayo yote, wakiwa karibu kuagana, ndipo yule aliyeulizwa husema kwa sauti ya chini: "Ila mtoto hakulala jana. Ana homa."

Mgeni asiyezijua desturi zetu angesema kwamba mtu huyu alidanganya mara tatu kabla ya kusema kweli. Sivyo. Salamu ni mlango, na "nzuri" ni kama hodi na karibu. Habari yenyewe imo ndani ya nyumba, nayo hutoka baada ya neno hilo dogo, "ila". Lakini ili neno hilo litoke, sharti aliyeuliza awe bado amesimama. Kama amekwisha kugeuka, au kama macho yake yako kwenye simu, "ila" hurudi moyoni, na homa ya mtoto hubaki ndani pamoja na mama yake.

Somo letu la juma hili ni juu ya neno hilo. Twataka kuonyesha kwamba mazungumzo ya kweli si mapumziko ya kazi, wala si anasa ya watu wasio na shughuli, bali ni sehemu ya kazi yenyewe. Na kwamba pengine uhai wa mtu hutegemea mazungumzo hayo. Wala hatutachukua mifano ya mbali. Twende Ifakara, katika bonde la mto Kilombero.

Madaktari waliojifunza kuuliza

Bonde hilo li kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Wakati wa masika mto hufurika, maji huenea uwandani, na maji hayo ndiyo yanayolifanya bonde kuwa ghala la mpunga. Ndiyo hayo hayo yanayozaa mbu. Hivyo chakula na homa hutoka katika maji yale yale, na mwenyeji wa huko hawezi kukimbia kimoja bila kukosa kingine.

Mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi, na pamoja nao Masista wa Baldegg, walifika nchini mwaka 1921. Ifakara ikapata misioni, na hospitali iliyokua pale yaitwa mpaka leo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy, wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyokuwa mjini Basel, alifika Ifakara, na katikati ya miaka ya 1950 ikafunguliwa hapo maabara ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Mwaka 1961 kikaanzishwa chuo cha kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini. Mbegu hiyo ilikua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tuijuayo leo, taasisi ya Watanzania ambayo jina lake latajwa ulimwenguni kote katika habari za malaria.

Wataalamu hao walichunguza mbu, papasi na vijidudu vya damu kwa darubini, na kazi yao ilikuwa ya manufaa makubwa. Lakini liko jambo ambalo darubini haiwezi kulionyesha, nalo ni lile aliwazalo mama saa nane ya usiku, mtoto wake anapoanza kutetemeka na kugeuza macho. Kwa kulijua jambo hilo hapana chombo kingine isipokuwa kuuliza na kusikiliza.

Basi katika miaka ya 1990, kabla ya kuanza mpango wa kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti walikwenda vijijini kuketi na watu. Waliuliza: Homa zenu mnaziitaje? Hii huletwa na nini, na ile huletwa na nini? Mtoto akipatwa na hii, nani hutibu?

Wakajifunza jambo la maana sana. Neno "malaria" wananchi walilijua, na kwamba mbu huileta walijua pia. Lakini degedege, yaani ule ugonjwa wa mtoto mdogo kukakamaa na kutetemeka, wengi waliuhesabu kuwa ugonjwa wa namna nyingine kabisa, usiohusiana na mbu. Walisema ni kazi ya pepo, au ya ndege apitaye usiku juu ya mtoto. Kwa kuwa si ugonjwa wa hospitali, hospitali ingewezaje kuutibu? Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu walishika hata neno hili: kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, sharti aende kwanza kwa mganga wa jadi.

Twajua leo kwamba degedege mara nyingi huletwa na malaria iliyokuwa kali, na mara nyingine na maradhi mengine kama homa ya uti wa mgongo. Yote hayo yataka hospitali, tena upesi. Lakini angalia, msomaji, jinsi mafundisho ya afya yalivyokuwa yakipotea njiani. Mwalimu wa afya alisimama akasema, "Mbu huleta malaria." Mama aliitikia, "Ndiyo." Hakusema uongo, alikubali kwa moyo wote. Kisha usiku mtoto wake akapatwa na degedege, na mama hakuona kwamba lile somo lamhusu, kwa maana hakuna aliyemwambia kuwa malaria na degedege ni mtu na nduguye. Lile "ndiyo" lilikuwa kama "nzuri" ya salamu. "Ila" yake ilikuwa bado moyoni, na mwalimu alikuwa amekwisha kufunga kitabu chake.

Wala tusiwacheke wazazi hao. Imani ile ya sindano haikutoka hewani. Mtoto aliyecheleweshwa siku mbili tatu, akafikishwa hospitali akiwa taabani, alichomwa sindano na akafa. Jirani aliyesimama mlangoni aliona nini? Aliona sindano, kisha aliona kifo. Alitumia akili aliyopewa na Mungu juu ya mambo aliyoyaona. Kumwita mjinga hakungemfundisha kitu; kungemfanya anyamaze tu, na akinyamaza mtoto wake mwingine angekufa vilevile.

Mafundisho juu ya vyandarua yalitungwa kutokana na majibu hayo. Mpango ulianza mwaka 1997, na vyandarua viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu. Katika muda wa miaka mitatu, watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua chenye dawa waliongezeka kutoka chini ya 10 katika kila 100 hata kuzidi 50 katika kila 100. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hata miaka minne, kuokoka kwao kuliongezeka kwa asilimia 27 kwa sababu ya vyandarua hivyo. Hatusemi kwamba mazungumzo ndiyo yaliyoua mbu. Ni dawa iliyoua mbu. Lakini dawa huwa katika chandarua, na chandarua hakijitundiki chenyewe juu ya kitanda. Hutundikwa na mama aliyesadiki, na mtu husadiki akiisha kusikilizwa.

Jambo la pili lilitokea mashambani. Wenyeji wengi wa bonde hilo huhamia kwenye mashamba ya mpunga, mbali na vijiji vyao, wakakaa huko miezi kadhaa katika vibanda na madungu, wakilima, wakipalilia na kuamia ndege. Mtu aliyekaa ofisini angefikiri: watu hao huko porini hawana vyandarua, basi tuwapelekee mafundisho ya chandarua. Watafiti walipokwenda mashambani katika miaka ya 2000, waliwakuta karibu watu wote wakilala ndani ya chandarua. Walikuwa wamevibeba kutoka nyumbani. Upungufu wao ulikuwa mwingine: zahanati zilikuwa mbali, na ni wachache tu waliokuwa na dawa ya malaria karibu. Kama wasingeulizwa, wangalihubiriwa jambo wanalolijua, na lile wanalolikosa lingebaki bila kutajwa.

Alama za mazungumzo ya kweli

Katika mifano hiyo miwili twaweza kutambua alama tatu za mazungumzo yenye maana, na kila mmoja wetu ajipime kwazo.

Ya kwanza: aliyeuliza hakuwa na jibu mfukoni. Yako maswali mengi ambayo si maswali. Mwenyekiti wa mkutano asemapo, "Kuna mwenye swali?" huku akikunja karatasi zake, hakuuliza kitu. Baba asemapo kwa mtoto, "Kwa nini hujifunzi kama wenzako?" hakuuliza, amegomba. Swali la kweli ni lile ambalo mwulizaji angeshindwa kulijibu mwenyewe.

Ya pili: aliyeuliza alipokea neno la mwenzake kama lilivyo. Kama mama amesema degedege, basi tuzungumze juu ya degedege. Tusimrukie na kumsahihisha kabla hajamaliza, maana tukimsahihisha mapema tutapata maneno yetu wenyewe yakiturudia kwa kinywa chake.

Ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote: aliyeuliza alikuwa tayari kubadili kazi yake kwa sababu ya jibu. Mtu akisikiliza kwa adabu, kisha akafanya vilevile alivyokusudia kabla ya kuuliza, amepoteza wakati wake na wa mwenziwe. Hapo ndipo watu hujifunza kusema "nzuri" na kunyamaza.

Nyumbani kwetu

Sasa tuyalete hayo ndani ya jamaa zetu, kwa kuwa huko ndiko hasara iliko kubwa.

Tuseme yuko baba na mama katika kijiji kimojawapo cha bonde hilo. Ni watu wema, wabatizwa, wasali rozari. Mvua zikianza, mama ahamia shamba na watoto wadogo. Baba abaki huku na huko, leo shambani, kesho mjini kutafuta kibarua. Jumapili jioni mtoto apata homa. Fedha anayo baba. Simu ya mama imekwisha moto. Bibi yupo, naye ashauri kungoja. Mama moyoni ataka kwenda, lakini aogopa: nikienda bila ruhusa na kumbe ni mafua tu, nitaambiwa ninapoteza fedha, nisipokwenda na hali ikizidi, nitaambiwa nimemwua mtoto. Basi angoja. Baba arudi Jumanne.

Wataalamu wafundisha kwamba mtoto mwenye homa apimwe na kutibiwa kabla ya saa 24 kwisha. Jumanne ni kuchelewa.

Katika habari hii nani mkosaji? Hakuna aliyemchukia mtoto. Baba, kama angaliulizwa, angalisema mara moja, "Nenda! Uza hata gunia la mpunga!" Lakini hakuulizwa, naye hakulisema. Walikuwa wamekaa pamoja miaka minane, wamezungumza habari za mbolea, za ada, za harusi ya shemeji na za mpira, na jambo hili moja hawakulizungumza kamwe: usiku ambao mimi sipo, nani aamue? Saa moja ya mazungumzo, kabla ya kuhamia shamba, ingaliondoa hofu ile yote. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Na twaweza kuongeza kwamba maradhi hayafichwi kwa makusudi tu. Hufichwa pia na watu wawili ambao kila mmoja alidhani mwenzake ajua.

Tena isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya vijijini peke yake. Katika nyumba za mijini mume na mke hula meza moja, kila mmoja na simu yake mkononi, wakicheka na watu walio mbali. Fedha, mkopo, mtoto wa kidato cha pili aliyebadilika tabia, mkwe asiyeelewana na mtu: yote hayo yamo chumbani mle mle, yakingoja mtu aulize na kungoja jibu. Siku yatakapojitokeza yenyewe, yatajitokeza kwa makelele.

Kazini na kwa majirani

Katika kazi ni vivyo hivyo. Mwuguzi aliye na foleni ndefu huona kwamba hana nafasi ya mazungumzo. Twamhurumia, maana kazi yake ni nzito. Lakini swali moja kama hili, "Mama, nyumbani mmeshampa nini?" huchukua dakika moja, nalo laweza kumwonyesha dawa aliyokwisha kunywa mtoto, ambayo cheti hakikuitaja. Mwalimu amwadhibuye kila siku mtoto anayechelewa angeweza kumwuliza mara moja tu anatoka wapi; pengine angesikia kwamba huvuka mto kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi haanzi kazi kabla ya jua kuchomoza. Msimamizi wa kazi apendaye kusikia "ndiyo, bwana" atasikia hiyo tu, hata siku mashine itakapovunjika. Na watu wote watakuwa wamejua juma zima kwamba itavunjika.

Na kwa majirani? Katika bonde la Kilombero, miaka hii, wakulima na wafugaji wamegombana mara nyingi juu ya ardhi na maji. Mifugo iliingia kwa wingi, mpunga ukaliwa, watu wakapigana; na mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Sheria na mipaka ni vitu vya lazima, wala mazungumzo hayashiki mahali pake. Lakini mkulima ajuaye jina la mfugaji, na mfugaji ajuaye siku mpunga utakapochanua, wana jambo la kufanya kabla ya kwenda polisi. Wasiojuana hawana ila rungu. Mabaraza ya wazee wetu yalikuwa marefu, na vijana waliyachoka. Lakini kazi yao haikuwa kupata mshindi, bali kuhakikisha kwamba kesho asubuhi watu hao waweza tena kuchota maji kisima kimoja.

Ungamo la mwandishi

Mwandishi wa ukurasa huu naye ana deni la kukiri. Alipokuwa padre mpya, ametoka seminari kuu na vitabu vyake bado vina harufu ya kiwanda, aliitwa kigango cha mbali kumfariji mama aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Akafika, akaketi, akasema. Alisema juu ya ufufuko, juu ya watoto walio mbele ya kiti cha Mungu, juu ya Mama Maria chini ya msalaba. Yote yalikuwa ya kweli. Alisema karibu nusu saa, akatoa baraka, akasimama kwenda zake.

Yule mama alimsindikiza hata njia panda, kama ilivyo desturi. Hapo akasema, "Asante, Padre, kwa maneno mazuri. Ila hukuniuliza jina lake."

Padre yule hakuwa na la kujibu. Alimwuliza jina, nao wakarudi wakaketi tena chini ya mwembe. Safari hii mama ndiye aliyesema, hata jua likashuka: jinsi mtoto alivyozaliwa, wimbo alioupenda, na ile asubuhi ya mwisho. Padre hakuongeza fundisho lolote. Walipoagana mama alisema kwamba sasa ataweza kusali. Katika miaka yote ya seminari hapana somo lililomwingia mwandishi kuliko hilo, na mwalimu wake hakujua kusoma.

Mfano wa Bwana wetu

Hata hivyo seminarini tulisoma Injili, na Injili ilikwisha kutufundisha jambo hilo hilo, kama tungalikuwa na masikio. Bwana wetu alimwona kipofu Bartimayo. Hakuna asiyejua kipofu ataka nini. Lakini Yesu alimwuliza kwanza alitaka afanyiwe nini, akangoja kinywa chake kiseme. Kwenye kisima cha Yakobo alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Yeye aliyekuja kutoa alianza kwa kuomba, na kwa njia hiyo mwanamke yule, aliyedharauliwa na wengi, akapata ujasiri wa kuuliza mambo makubwa ya ibada na ya Masiya. Na katika njia ya Emau aliwakuta wanafunzi wawili wenye huzuni, akawauliza walikuwa wakizungumza nini. Tazama unyenyekevu huo: wakamsimulia habari ya kifo chake yeye mwenyewe, naye akawaacha wamalize. Ndipo akaanza kuwaeleza Maandiko. Kama yeye ajuaye yote alingoja watu wamalize kusema, sisi tujuao kidogo twawezaje kuwakatiza?

Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Ecclesiam Suam wa tarehe 6 Agosti 1964, alilifundisha Kanisa zima juu ya mazungumzo yake na ulimwengu, akayataja mambo manne yanayoyapasa: uwazi, upole, kuaminiana na busara. Twaweza kuyachukua manne hayo nyumbani kwetu. Uwazi ni kusema neno ambalo mwenzako ataelewa, kama vile kusema degedege na si neno la kitabuni. Upole ni kutotumia elimu, cheo au fedha kumnyamazisha mtu. Kuaminiana ni kujua kwamba nitakalosema leo chumbani halitasemwa kesho sokoni. Busara ni kutambua huyu ni nani, amechoka kiasi gani, na kama saa hii ni ya kuuliza au ya kunyamaza pamoja naye. Naye Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni ya mwaka 2022 aliwahimiza waamini kusikiliza kwa sikio la moyo.

Pingamizi mbili

Wengine watasema: kazi ni nyingi, hatuna wakati. Twajibu kwa kuwakumbusha madaktari wa Ifakara. Je, walipoteza wakati walipoketi vijijini wakiuliza majina ya homa? Wangaliweza kuanza kugawa vyandarua mapema zaidi, na vingi vingalitumika kuvulia samaki. Wakati utumikao kusikiliza haupotei. Upoteao ni ule wa kufanya upya kazi iliyofanywa bila kuuliza.

Wengine watasema: watu wetu wazungumza kupita kiasi, vijiweni na vilabuni, na matunda yake ni umbea. Ni kweli, na Kanisa halikuacha kamwe kukemea masengenyo. Lakini umbea na mazungumzo si ndugu. Umbea huzungumza juu ya asiyekuwapo. Mazungumzo ni pamoja na aliyepo. Mara nyingi mtu humsema jirani yake kijiweni juma zima kwa sababu hakuwa na ushujaa wa kumwuliza kwa dakika tano. Dawa ya umbea si kunyamaza. Ni kwenda kwa mwenyewe na kubisha hodi.

Mazoezi ya juma hili

Ili somo hili lisibaki karatasini, twaomba kila jamaa ijaribu mambo manne.

Moja. Jumapili baada ya chakula, simu ziwekwe kando, na baba na mama wajibizane maswali haya mbele ya bibi na watoto wakubwa: Mtoto akipatwa na homa usiku na mmoja wetu hayupo, nani aamue? Fedha ya nauli iko wapi? Nani mwenye pikipiki au mtumbwi tutakayemwamsha? Jibu likipatikana, lisiwe siri.

Mbili. Kazini, mwulize mtu mmoja aliye chini yako swali ambalo jibu lake hulijui. Kisha usiongeze neno hata amalize.

Tatu. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kiongozi amkumbuke yule ambaye husema tu "ndiyo" kila juma. Asimwulize mbele ya wote; amtembelee nyumbani kwake.

Nne. Katika sala ya usiku, unapochunguza dhamiri, ongeza swali hili: Leo nani aliniambia "nzuri", nami nikaondoka kabla ya "ila"? Ukimkumbuka, kesho rudi kwake. Huenda akashangaa. Lakini milango yetu kwa kawaida hufunguka kwa aliyerudi.

Mungu aliye Neno, aliyekubali kukaa kwetu na kuzungumza nasi kwa lugha yetu, azibariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu.